Mabishano ya kura yaanzie kwenye Fomu 34A

Mhariri,

Kelele za wizi wa kura hupigwa Nairobi, ilhali ushahidi umebandikwa mlangoni pa kituo cha kura: Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo hicho. Wakala wa chama kituoni asiondoke bila nakala yake, na aipige picha saini zikisomeka. Ajumlishe kura za wagombea wote. Zilingane na kura halali. Tarakimu 1 iliyogeuzwa 7 huvuruga jumla hapo hapo. Kususia saini pekee hakubatilishi matokeo, kwa hiyo sababu iandikwe kwenye fomu. Vyama, tafadhali, wafunzeni mawakala sasa! Kesi ya kupinga matokeo ya urais huwasilishwa ndani ya siku 7 tangu yatangazwe, na mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229. Nani atazisaka karatasi zote hizo baada ya matokeo kutangazwa?

Msomaji wako,
Nakuru