Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maveterani: dola 206 zangu na mabilioni yenu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Masuala ya Maveterani, Baraza la Wawakilishi,
Washington.

Machi 2022

YAH: DENI AMBALO SHERIA YENU WENYEWE ILIKWISHA LIFUTA

Mheshimiwa, shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mimi ni mtu wa Tanga na kwetu barua haianzi bila salamu.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mwaka 2009, nikiwa mwanafunzi hapa Texas, jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa kuandikisha wageni waliojua lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Nikavalishwa sare, nikapewa uraia, nikapelekwa Djibouti kuendesha malori. Siku zile Kiswahili changu kilikuwa mali. Basi naamini hata leo, humo mjengoni kwenu, hakosekani mtu wa kukusomea.

Jumanne iliyopita nimerudisha basi la shule, nimechoka, nikafungua sanduku la barua. Bahasha nyeupe yenye kidirisha. Ndani, karatasi ya deni kutoka Idara ya Maveterani, ile inayotutibu sisi askari wa zamani: ziara tatu kwa daktari wa mifupa kwa ajili ya goti langu, Juni hadi Septemba 2020, dola 50 kila moja. Vidonge vya maumivu, miezi saba, dola 8 kila mwezi. Jumla dola 206. Nisipolipa, deni litapelekwa Hazina, na Hazina itajikatia yenyewe kwenye marejesho yangu ya kodi. Huu ni Machi, Mheshimiwa. Marejesho hayo ndiyo nimeyapangia matairi ya gari na nauli ya mama yangu anayekuja kutibiwa macho. Petroli nayo imegonga dola 4 kwa galoni.

Sasa nikukumbushe, kwa heshima zote, mlichopitisha. Machi 2021 mliipa Idara ya Maveterani takriban dola bilioni 17 za dharura ya corona. Ndani yake mlitenga bilioni 1 nzima kwa kazi moja: kufuta kopei, yaani ule mchango anaotozwa mgonjwa, kwa matibabu na dawa za kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 hadi 30 Septemba 2021, na aliyekwisha kulipa arudishiwe. Juni 2020 imo humo. Septemba 2020 imo humo. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalenda ya ukutani.

Nikapiga simu zahanati ninakotibiwa, ambayo sitaitaja kwa sababu wauguzi wake hawana kosa. Hao ndio waliopimiwa barakoa kama sukari ya mgawo mwaka 2020. Dakika 47 nasikiliza muziki. Kisha dada mmoja mpole akaniambia mfumo unaonyesha nadaiwa. Nikamwambia sheria inaonyesha sidaiwi. Akasema nijaze fomu nisubiri, lakini kwa sasa ni salama zaidi nilipe. Salama kwa nani, hakusema.

Mimi si mhasibu. Nadhani mashine inayodai haizungumzi na mashine inayosamehe. Na sishangai sana, maana mwaka 2021 mkaguzi mkuu wa idara hiyo hiyo aliandika kwamba fedha za corona zinafuatiliwa kwa mfumo wa uhasibu mkongwe ambao watumishi hulazimika kuurekebisha kwa mkono. Kwa mkono, Mheshimiwa! Kabla ya zile bilioni 17 kulikuwa na bilioni 19.6 za CARES, sheria ya msaada wa corona ya Machi 2020. Jumlisha. Hizo ndizo zinazorekebishwa kwa mkono, na mimi natumiwa karatasi ya mashine isiyokosea hata senti.

Halafu kuna lile goti lenyewe. Niliomba litambuliwe kuwa jeraha la jeshini mwishoni mwa 2019. Aprili 2020 vipimo vya ana kwa ana vya madai kama hayo vikasimamishwa kwa ajili ya ugonjwa, na mlundikano wa madai nchi nzima ukapita 200,000. Mlitenga dola milioni 272 kuupunguza. Goti langu bado limo ndani ya mlundikano huo. Lingeamuliwa kwa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 tu, zile ziara za daktari nisingetozwa kabisa. Kwa hiyo nadaiwa kwa sababu hamjaamua, na hamjaamua kwa sababu ya corona, na fedha ya corona mlikwisha itoa. Mke wangu ananiambia lipa yaishe. Anasema nitapata presha kwa dola 206.

Lakini kuna watu walioaminiwa haraka kuliko mimi. Mfanyabiashara mmoja wa Virginia alipewa mkataba wa dola milioni 34.5 aiuzie idara barakoa milioni 6. Hakuwa nazo hata moja. Akapanda ndege binafsi kuelekea Chicago kufuata mzigo ambao haukuwepo. Ni kweli idara haikumlipa, maana malipo yalisubiri mzigo ufike, na mahakama ilimfunga miezi 21. Ila lililoniuma ni jingine: katika kesi hiyo hiyo alikiri pia kuchukua mafao ya veterani kwa kudai alikuwa askari wa kikosi cha Marine, na hakuwahi kuwa. Yeye madai yake yalipita. Ya kwangu mimi niliyekwenda Djibouti kweli yanasubiri daktari apime goti.

Novemba iliyopita Rais alisaini sheria mliyoitunga ninyi wenyewe ya kuilazimisha idara ilete mpango wa fedha hizi za corona ndani ya siku 30, kisha taarifa kila baada ya siku 14. Nilifurahi, wallahi. Siku 14! Hata mshahara wangu huja hivyo hivyo. Imepita miezi minne. Hizo taarifa mnazisoma? Kuna mmoja wenu aliyenyoosha kidole kwenye mstari wa ile bilioni 1 akauliza imerudi kwa nani, na imebaki ngapi? Muiteni Waziri wa Maveterani, mumuulize mstari huo mmoja hadharani, kamera zikiwaka. Mabilioni mengine muulize baadaye. Huo kwanza.

Au kama hilo ni kubwa, mwambieni mtu anyanyue simu, aifute Juni 2020. Basi. Hiyo na Septemba.

Jana usiku nimelipa dola 20 za mwanzo, nikihofia Hazina. Risiti nimeibandika kwenye friji. Mkimaliza kuhesabu, naomba na hizo ishirini zirudi.

Wako mtiifu,
Koplo wa zamani, dereva wa basi la shule,
Texas