Barua kwa Rafiki Anayetafuta Mfuko Mwepesi wa Kulalia

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, na natumaini nawe u buheri wa afya pamoja na wote walio karibu nawe. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa umeniuliza swali moja ambalo ndani yake yamejificha manne. Unasema utatembea siku tano mlimani huku umebeba kila kitu chako mwenyewe, kwamba usiku wa kituo cha juu joto linaweza kushuka hadi nyuzi sifuri, na kwamba umebakiza kidogo tu ununue mfuko wa kulalia wa gramu 480, kwa sababu ndio mwepesi kuliko yote minne uliyoiorodhesha. Nakuomba usiulipie bado.

Sisemi kwamba uzito si kitu. Aliyewahi kupanda mteremko mrefu akiwa na shanta iliyojaa anajua kwamba kila gramu humdai mwenye mabega, na mimi mwenyewe hupima vitu vyangu kwa mizani ya jikoni kabla ya safari hata watu wa nyumbani wakanicheka. Lakini mfuko wa kulalia hauna moto wala betri. Joto lote linalokuwamo usiku ni lako wewe, umeingia nalo, na kazi ya mfuko ni kulizuia lisitoroke, jambo ambalo hufanywa na hewa iliyotulia katikati ya manyoya au nyuzi za poliesta zilizojazwa ndani. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba mfuko fulani ni mwepesi ajabu, uliza kwanza ni nini kilichopunguzwa ili uwe mwepesi hivyo. Huenda ni kitambaa, huenda ni zipu, huenda ni upana. Mara nyingi ni kile kile ulichokusudia kununua.

Mimi somo hilo nililipata kwa gharama. Mfuko wangu wa kwanza ulikuwa na tarakimu kubwa iliyotariziwa kifuani, hasi 7, nami nikaamini bila kuuliza kwamba mpaka nyuzi 7 chini ya sifuri nitalala fofofo. Usiku wa pili wa safari, kipimajoto nilichokining'iniza hemani kikionyesha nyuzi 1 juu ya sifuri, niliamka saa nane za usiku nikiwa nimejikunja hadi magoti yanagusa kidevu, miguuni nimevaa soksi jozi mbili, na ubavuni ninahisi mstari mwembamba wa baridi uliopita sawasawa na zipu, kuanzia begani hadi nyongani, kana kwamba mtu ameuchora kwa kipande cha barafu. Niliwasha tochi ya kichwani nikaukagua. Zipu ilikuwa tupu kwa ndani. Haikuwa na ule ukanda uliojazwa manyoya ambao hulala nyuma ya meno yake na kuziba upepo. Usingizi haukurudi tena. Kulipopambazuka, kwa kukosa la kufanya, nikasoma kilebo kidogo kilichoshonwa ndani, ambacho nilipaswa kukisoma kabla sijatoa fedha, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba hasi 7 ilikuwa kikomo na kwamba kiwango cha starehe kilikuwa hasi 1. Na hata hiyo hasi 1 sikuifikia, kwa sababu ya godoro, ambalo nitalieleza mbele kidogo.

Basi tuanze na kilebo. Upo utaratibu wa kupima mifuko hii uliotolewa Ulaya mwaka 2002 kwa jina la EN 13537, kisha ukachukuliwa na shirika la kimataifa la viwango na kuwa ISO 23537 mwaka 2016. Ndani ya chumba cha baridi hulazwa sanamu ya umbo la mtu inayopashwa joto, imevishwa nguo za ndani ndefu, ikiwa juu ya godoro la kuhami, na kutokana na kiasi cha joto kinachopotea hukokotolewa viwango kadhaa. Kiwango cha starehe humhusu mwanamke wa kawaida aliyelala kwa kutulia bila kuona baridi. Kikomo humhusu mwanamume wa kawaida aliyejikunja na ambaye yuko mpakani mwa kuanza kutetemeka. Cha mwisho, kile cha hatari, ni cha kunusuru roho tu. Hapo mtu anahesabiwa kuwa amesalimika, si kuwa amelala. Sasa tazama ujanja wa biashara: tarakimu inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni kikomo, kwa sababu inavutia zaidi, na starehe huachiwa herufi ndogo. Wewe, dada yangu, soma starehe, na uchague iliyo sawa na usiku wa baridi kuliko wote unaoutarajia, au chini yake kwa nyuzi mbili tatu. Mfuko usio na tarakimu hizo mbili kando kando, hata uwe mzuri vipi, uache. Na kama hujui baridi ya kituo chako cha juu, kumbuka kwamba joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo utabiri wa bondeni usikudanganye.

Sasa nije kwenye kinachojazwa ndani, kwa maana hapa ndipo maneno ya wauzaji yanapomchanganya mtu. Manyoya laini ya bata au ya bata bukini, yale ya chini ya kifua yasiyo na kijiti kigumu katikati, ndiyo yanayotoa joto jingi kwa uzito mdogo, nayo hubanwa yakawa kitu kidogo kisha yakiachiliwa huumuka tena. Ubora wake hupimwa kwa kiwango cha kuumuka, ambacho ni namba ya inchi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja ya manyoya. Kwa vipimo tulivyovizoea, gramu 28 za manyoya ya kiwango cha 600 hujaza karibu lita 10, na za kiwango cha 800 hujaza lita 13 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo maana mifuko ya kiwango cha juu ni ghali. Lakini kiwango cha kuumuka si joto. Ni sawa na kusifiwa ubora wa unga bila kuambiwa ni kilo ngapi. Mifuko miwili inaweza kuandikwa 800 na mmoja ukawa na gramu 250 za manyoya, mwingine gramu 450, na hiyo haiwezi kuwa mifuko ya usiku mmoja. Tafuta uzito wa manyoya yenyewe. Muuzaji mkweli huutaja.

Adui wa manyoya ni maji. Yakilowa hushikamana, huacha kuumuka, na kukauka kwake ni kazi ya muda mrefu. Nyuzi za poliesta hustahimili unyevu kuliko manyoya, hukauka upesi, na bei yake ni nafuu, ila kwa joto lile lile huwa nzito zaidi na hujaza nafasi kubwa ndani ya shanta, na kila unapozibana huchoka kidogo hata baada ya misimu michache zikawa bapa. Kwa safari ya kukaa kwenye mvua siku nyingi mfululizo ningekushauri poliesta bila kusita. Kwa safari yako, yenye hema nzuri na majira ya ukame, chukua manyoya. Yako pia manyoya yaliyotiwa dawa ya kuzuia maji. Yanasaidia dhidi ya umande na jasho, lakini usiyachukue kama ruhusa ya kuzembea. Funga mfuko wako ndani ya kifuko kisichopitisha maji, na asubuhi uutandaze juani japo kwa nusu saa wakati unakunja hema, kwa sababu mwili hutoa mvuke usiku kucha na mwingine hubakia humo humo.

Kuhusu umbo sina mengi. Lile linalopana mabegani na kusinyaa miguuni, lenye kofia ya kukazwa kwa kamba, ndilo jepesi na lenye joto, kwa kuwa halikupi nafasi tupu ya kuipasha moto bure. Lakini hakikisha unaingia na kugeuka ubavu ndani yake. Wewe hulala kifudifudi, nakukumbuka, na mfuko unaokubana mabega hautakuwa na wepesi wowote saa nane za usiku, isitoshe ukiubana kwa mwili manyoya yake yanakandamizwa na joto linatoka. Urefu nao ni vivyo hivyo: mrefu mno unakubebesha kitambaa na hewa usiyoihitaji, mfupi mno unasukuma vidole vya miguu. Angalia mishono pia. Mifuko myepesi kupita kiasi hushonwa kwa uzi unaopenya kutoka kitambaa cha nje moja kwa moja hadi cha ndani, na kila mshono wa namna hiyo ni mlango wa baridi. Ile ya baridi hasa huwa na vikuta vyembamba katikati vinavyogawa vijichumba, ili manyoya yabaki na kimo chake kila mahali. Ukiuinua kuelekea kwenye taa utauona mshono ulivyo.

Uliniuliza pia juu ya mfarishi, yaani ule usio na mgongo wala kofia ambao hufungwa kwa mikanda kwenye godoro. Wanaoupenda wana hoja nzito: manyoya unayoyalalia yamekandamizwa na hayafanyi kazi, basi kwa nini uyabebe? Mimi nautumia wakati wa joto na nimeokoa uzito wa kutosha. Ila anayegeukageuka usingizini huufunua, na upepo huingia chini yake, kwa hiyo kwa safari yako ya kwanza yenye usiku wa sifuri singeuchagua.

Hoja hiyo ya mgongo ndiyo inayonirudisha kwenye godoro nililokuahidi. Usiku ule wa mstari wa barafu nilikuwa nimelalia kipande chembamba cha povu, na ardhi ilininyonya joto kutoka chini huku mimi nikiulaumu mfuko. Magodoro ya safari hupimwa kwa kipimo cha R, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo yanavyozuia baridi ya ardhi. R ya 2 inatosha usiku wa majira ya joto. Kwa sifuri tafuta 4 au zaidi. Uzuri wake ni kwamba namba hizi hujumlishwa: ukitandika povu la R 2 chini ya godoro la kujaza upepo la R 3, umepata 5. Mtu anayetumia fedha zote kwenye mfuko na kulalia povu jembamba amejenga paa la vigae juu ya nyumba isiyo na sakafu.

Nikirudi kwenye orodha yako, mfuko wa gramu 480 umeandikwa starehe ya nyuzi 8 na manyoya ya gramu 200. Hapo jibu limekwisha patikana, kwani hata ukivaa nguo zako zote nyuzi 8 kamili haziwezi kuzibwa kwa sweta. Wa tatu, ule wa gramu 780 wenye gramu 430 za manyoya ya kiwango cha 800 na starehe ya hasi 1, ndio wako. Tofauti ni gramu 300, ambazo ni kama bilauri moja ya maji na kidogo juu yake. Ukitaka kuzifidia, acha suruali ya ziada uliyoitaja, maana sijui ya nini. Kabla ya kulipia, uombe upimwe kwenye mizani mbele yako, kwa kuwa uzito ulioandikwa wakati mwingine hauhesabu kifuko chake, kisha uukunjue uutandaze dakika kumi na uuangalie unavyoumuka. Ingia ndani na viatu umevua, funga zipu kwa mkono mmoja gizani, yaani ukifumba macho, na uone kama inauma kitambaa.

Ukishaununua, usiuhifadhi ukiwa umebanwa ndani ya kifuko kidogo. Utundike au uuweke kwenye gunia kubwa la pamba. Kifuko kidogo ni cha njiani tu. Ukihitaji kuufua, tumia sabuni maalumu ya manyoya, na uukaushe ndani ya mashine ya kukaushia kwa joto dogo pamoja na mipira miwili mitatu ya tenisi ili ivunje mabonge, nawe uwe na subira, kwani juu yake utaonekana mkavu saa kadhaa kabla ya ndani kukauka.

Kabla hujaondoka, lala ndani yake usiku mmoja nje ya nyumba, dirisha la hema likiwa wazi, ukiwa umelalia godoro utakalolibeba. Kisha niandikie uliamka saa ngapi na baridi ilianzia wapi, miguuni, mgongoni au kwenye zipu, nami nitajua kama nikutumie lile povu langu la kuongezea.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.