Mwanangu, Mtazame Anavyosimama

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniambia Jumamosi unachagua kikosi cha mpira wa kikapu cha wavulana chini ya miaka 15, na kwamba yule mrefu umeshampenda kabla hajagusa mpira. Mpende, lakini mpime kama wenzake.

Anza na kusimama. Mkimbize kwa kasi yake yote kutoka mstari wa mwisho, akifika katikati ya uwanja piga filimbi ghafla. Mwenye mwili wa kikapu hushusha nyonga, hukunja magoti na kutulia ndani ya hatua mbili. Mwingine hubaki wima, mabega yametangulia, akaongeza vihatua vitatu vinne. Huyo akipokea pasi mbioni atatembea na mpira bila kuudunda, na hilo ni kosa, na akikaba atapitwa kila mpinzani akibadili upande. Mimi jaribio hili naliamini kuliko mbio za mita 100, maana kwenye kikapu mbio ni fupi na breki ni nyingi.

Kisha mruko. Simama mbele yake utazame magoti anapotua. Yakiingia ndani na kukaribia kugusana, kano za goti zinabeba mzigo usio wao. Usimwondoe kikosini kwa hilo: mfundishe kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakielekea vidoleni, kabla hujamwongezea mazoezi ya kuruka. Halafu mwache aruke mara tatu mfululizo akinyoosha mkono kuelekea ubao ulioshika ringi. Angalia anavyoondoka chini mara ya pili, kwa sababu ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, nyingi huenda kwa anayewahi kuruka tena.

Kudunda mpira, mwache atumie mkono wake dhaifu. Onyesha vidole, akutajie idadi huku akidunda. Akishindwa, macho yake bado yako kwenye mpira, na uwanjani hatamwona mwenzake aliye wazi.

Mtupo usiupimie kwenye mstari wa pointi tatu, ule wa mita 6.75. Kijana asiye na nguvu atausukuma mpira kutoka kiunoni, nawe utakuwa umepima misuli, si ufundi. Mweke mita 2 kutoka kwenye ringi. Tazama kama kiwiko kiko chini ya mpira, na mpira unavyozunguka angani. Ukizunguka kwa pembeni, mara nyingi ni dole gumba la mkono wa kusaidia linausukuma.

Uliza pia mwezi wa kuzaliwa. Wa Januari na wa Desemba wa mwaka uleule wanatofautiana karibu mwaka mzima, na katika umri huu hiyo ni nguvu nyingi. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 14. Miguu hutangulia, kijana akawa mzito wa kujigeuza kwa miezi kadhaa. Yule mrefu huenda yuko hapo. Muulize na michezo mingine aliyocheza: Hakeem Olajuwon, nyota wa kikapu aliyekulia Lagos, Nigeria, alikuwa golikipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono kabla ya kikapu, na wepesi wa miguu yake ulionekana mpaka NBA, ligi ya kikapu ya Marekani.

Rudia jaribio la kusimama mwishoni, wakiwa wamechoka. Warekodi mara mbili, kutoka mbele ili magoti yaonekane na kutoka ubavuni ili nyonga zionekane, kisha nitumie video hizo usiku huohuo.

Baba yako