Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Ufadhili wa Masomo na Utafiti wa Nje, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama, wazee walezi wa chama chetu cha wasomi wa Kigoma, na wadogo zetu mliomaliza kidato cha sita mkaja kusikiliza: mwakeye.

Katiba inanitaka nieleze mwaka ulivyokwenda. Mapato na matumizi atayasoma mhazini baada yangu, nami sitamwingilia. Chaguzi za matawi vyuoni zimefanyika na zimekwisha kwa amani, hata katika lile tawi mnalolijua. Ada bado zinadaiwa. Muda uliobaki nautoa wote kwa jambo mlilotutuma mwaka jana, yaani ufadhili wa masomo na utafiti kutoka nje ya nchi.

Matokeo kwanza. Mwenzetu mmoja anaondoka Septemba kwa Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, na mwingine amepata ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, wa kusoma shahada ya uzamili hapa hapa Afrika Mashariki. Tuwapigie makofi. Walioomba wakakosa ni wengi kuliko hao, na waliotaka kuomba wakaishia njiani ni wengi zaidi. Kamati iliwafuata hawa wa mwisho, kwa simu na ana kwa ana, kujua walikwamia wapi. Nilitarajia kusikia habari za alama na Kiingereza. Karibu wote walizungumzia tarehe. Mtu anaona tangazo wiki tatu kabla ya dirisha la maombi kufungwa, na siku hiyo ndiyo anaanza kutafuta pasipoti, transkripti na mhadhiri wa kumwandikia barua. Maombi hayo yameshakufa, ila mwenyewe bado hajapata habari.

Nianze na pasipoti, maana kwa watu wa Kigoma ina mambo yake. Ada ni shilingi 150,000 na kitabu kinadumu miaka 10. Hapo hakuna fumbo. Kazi iko kwenye vielelezo. Mkoa wetu unapakana na Burundi kwa nchi kavu, na Kongo iko ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo maswali ya wapi alizaliwa baba na wapi alizaliwa babu huwa marefu kwa kijana wa Buhigwe au Kakonko kuliko kwa kijana wa Dodoma. Sisemi hivi ili tulalamike, nasema ili mpange muda. Kama mzazi hana cheti cha kuzaliwa, kiapo chake kitafutwe sasa, angali na nguvu za kufika mjini na kumbukumbu za kueleza.

Halafu majina. Tunaye mwanachama ambaye cheti cha kuzaliwa kinamwita kwa majina mawili, cheti cha kidato cha nne kwa matatu, na kitambulisho cha taifa kimeongeza herufi moja kwenye jina la babu. Sisi tunaomfahamu tunacheka. Mtu wa Bonn au Brussels anayekagua mafaili hana namna ya kujua kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Kurekebisha kunahitaji kiapo, pengine hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na kunakula miezi. Nawaomba kila mmoja, leo akirudi nyumbani, aviweke vyeti vyake vyote mezani na kuvisoma herufi kwa herufi.

Transkripti nayo ina ratiba yake. Mitihani ya mwisho huisha Julai, matokeo huthibitishwa baadaye, mahafali huwa mwishoni mwa mwaka, na transkripti hupewa aliyerudisha vitabu vya maktaba na kumaliza madeni. Madirisha mengi ya Erasmus Mundus hufungwa Januari au karibu na hapo. Aliyeacha kitabu kimoja cha maktaba chini ya kitanda cha bweni anaweza kukosa mwaka mzima. Kwa bahati nzuri, Erasmus Mundus humruhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kuomba kwa matokeo aliyo nayo, mradi awe amehitimu kabla masomo hayajaanza. Mwenzetu anayeondoka aliomba hivyo. Hakusubiri joho.

Hapa nigusie jambo ambalo kamati imeliona mara nyingi: watu wanaomba ufadhili usiowahusu. Chevening, ya serikali ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, lakini inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, yaani saa 2,800, na baada ya masomo urudi nyumbani ukae miaka 2. Kijana aliyehitimu Novemba hana cha kuandika kwenye sehemu hiyo. DAAD ya Ujerumani, kwenye kozi zake za uzamili zinazohusu maendeleo, nayo inataka miaka 2 kazini, tena shahada yako isiwe imezeeka zaidi ya miaka 6. Kwa hiyo hizo ni za kaka na dada zetu walio kwenye halmashauri, mashuleni, hospitalini na kwenye mashirika, ambao kwa kweli ndio wanaozipuuza, wakidhani ufadhili ni mambo ya wanafunzi. Walio mwaka wa mwisho watazame zaidi Erasmus Mundus: inalipa ada yote na posho ya euro 1,400 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24, na unasoma katika nchi zisizopungua mbili. Waliotoka kidato cha sita watazame ufadhili wa serikali ya Uturuki, ambao dirisha lake huwa kati ya 10 Januari na 20 Februari. Mwombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21, na mwaka wa kwanza huwa wa kujifunza Kituruki.

Alama zisemwe pia, bila kuoneana haya. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na kwa kawaida Chevening pia, hutaka daraja la pili la juu, ambalo kwa vyuo vyetu ni wastani wa alama (GPA) kuanzia 3.5. Mwenye 3.4 hajafungiwa dunia, lakini asimalize mwezi mzima kwenye mlango huo. Walio mwaka wa kwanza na wa pili, nyinyi ndio wenye nafasi ya kulibadili hilo. Sisi wengine tumeshachelewa.

Kuhusu mtihani wa Kiingereza wa IELTS: unafanyika mbali na sisi, unagharimu laki kadhaa, na matokeo yake yanakubalika kwa miaka 2. Kabla hujakata tiketi ya basi, soma masharti ya chuo unachokitaka. Baadhi hukubali barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza.

Mawakala. Tulipata kesi ya mdogo wetu aliyetoa fedha za akiba ya mama yake kwa mtu aliyemwahidi nafasi ya Chevening. Chevening, Fulbright ya Marekani, Jumuiya ya Madola, DAAD: hakuna hata mmoja kati ya hao anayetoza ada ya kuomba. Anayekudai fedha ya fomu ni mwizi.

Sasa barua za maombi, ambazo kamati ilisoma nyingi. Barua zetu zinafanana mno. Karibu zote zinaanza na umaskini wa nyumbani, zinapita kwenye umbali wa shule, na zinaishia kwa kumwomba mfadhili aonyeshe huruma. Umaskini huo ni wa kweli, wala sisemi ufichwe; upo hata ufadhili mmoja wa Jumuiya ya Madola unaolenga hasa wasioweza kujilipia. Lakini msomaji wa barua hizo ameshasoma mia nyingine zinazolia hivyohivyo. Anachotaka kujua ni utafanya nini, wapi, na kwa nini wewe. Chevening inaomba insha nne: uongozi, kujenga mahusiano, sababu ya kozi uliyoichagua, na mpango wako wa kazi. Yatima aliyeongoza ushirika wa wakaanga dagaa Kibirizi ana la kuandika kwenye zote nne. Cha ajabu, mwenzetu mwenye historia ya namna hiyo aliandika uyatima na kuacha ushirika.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ninalotaka mkutano ulijadili kwa kirefu. Watu wanavuka bahari kuja kutafiti tulipozaliwa, nasi tunaandika maombi kama vile Kigoma haina kitu. 14 Julai mwaka huu imetimia miaka 65 tangu Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kutafiti sokwe, ashuke kwenye ufuko wa Gombe, akiwa na miaka 26 na bila shahada yoyote. Fedha za kuanzia zilikuwa dola 3,000 kutoka kwa mfanyabiashara wa Illinois, Leighton Wilkie, zilizotafutwa na Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, na zilikuwa za miezi michache tu. Shahada ya uzamivu ya Cambridge ilikuja baadaye. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto akaanza kutafiti sokwe katika milima ya Mahale, kwa fedha za Japani. Na Mei 1975, vijana wanne wa kigeni wa kituo cha utafiti walipotekwa Gombe na waasi kutoka ng'ambo ya ziwa, waliobaki kuwafuata sokwe milimani na kujaza madaftari kila siku walikuwa Watanzania, wengi wao watu wa vijiji vya hapa. Kumbukumbu za Gombe hazikukatika kwa sababu yao. Wazee wale hawakuwa na shahada. Nyinyi mnazo.

Ziwa nalo ni hivyohivyo. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kupanda kwa joto la maji kumepunguza chakula cha msingi cha ziwa kwa takriban asilimia 20, na kwamba hilo laweza kuwa limepunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Wavuvi wa Katonga walikuwa wanasema dagaa na migebuka wamepungua. Wenye vipimo wakaja wakapima. Chuo Kikuu cha Arizona kiliendesha hapa mjini, kwa fedha za mfuko wa sayansi wa Marekani, mafunzo ya utafiti yaliyochanganya wanafunzi wa Kimarekani na wa Kiafrika. Nimeuliza ukumbini asubuhi hii ni wangapi waliwahi kuyasikia. Mmeona mikono.

Kuna sheria inayotusaidia hapa, na wachache wanaijua. Mtafiti wa kigeni akitaka kufanya kazi nchini lazima apate kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na anatakiwa awe na mshirika Mtanzania. Maana yake kila mradi wa nje unaokuja ziwani au Gombe unamhitaji mtu wa hapa. Kwa nini asiwe mhadhiri wako, na wewe ukiwa nyuma yake na andiko la kurasa mbili? Maprofesa hujibu barua pepe fupi iliyosoma kazi yao na kuuliza swali moja la maana. Hawajibu ile inayoanza kwa kumpongeza na kumaliza kwa kuomba ufadhili. Kwa tafiti ndogo za uhifadhi upo pia mfuko wa Rufford wa Uingereza, unaotoa pauni elfu kadhaa kwa mtu binafsi. Angalizo kwa watu wa samaki: ufadhili wa WIOMSA, shirika la sayansi ya bahari lililoko Zanzibar, ni wa Bahari ya Hindi magharibi. Ziwa halimo, msijisumbue.

Lazima pia niseme kuwa mwaka huu upepo umebadilika. Februari 2025 Marekani ilisimamisha kwa muda malipo ya programu zake za kubadilishana wanafunzi, Fulbright ikiwamo, na mwezi huohuo Uingereza ikatangaza kupunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Sijui mtu wa busara anayeweza kuona hayo akaendelea kuomba nchi moja tu. Kamati inashauri kila mwombaji awe na milango mitatu, mmojawapo uwe ndani ya Afrika. Wapo wanaodharau kusoma Makerere au Nairobi kwa fedha za Mjerumani kwa sababu hakuna theluji ya kupigia picha. Mwenzetu wa DAAD hakuidharau, na leo tumempigia makofi.

Mwanachama wa Kasulu aliuliza kwa barua kuhusu DAFI. Jibu: huo ni ufadhili wa UNHCR na Ujerumani, tangu 1992, kwa wakimbizi wanaosoma katika nchi zilizowapokea. Ndugu zetu wa kambi ya Nyarugusu wanastahili kuuomba. Sisi raia hapana. Ukiwa na jirani au mwanafunzi wako huko, mpelekee habari.

Kwa mwaka unaokuja kamati inaleta maombi mawili myapigie kura. La kwanza, fungu la matangazo lihamishiwe kwenye mkopo usio na riba wa ada ya pasipoti, nauli ya Dar es Salaam na mtihani wa lugha. Mkopaji arudishe ndani ya miezi 12, awe amepata ufadhili au amekosa. Kila mtu ana simu yake ya kutafutia matangazo. Nauli ndiyo hawana. La pili, kundi letu la WhatsApp lisipokee tena tangazo lolote la ufadhili lisilotaja anayestahili, tarehe ya mwisho na tovuti ya mfadhili mwenyewe. Najua hili litawaudhi wenzetu kadhaa ambao hutuma viungo alfajiri kabla hata hawajavifungua wenyewe.

Kura ya maombi hayo itapigwa baada ya mhazini kumaliza. Daftari la ukaguzi wa vyeti liko kwa katibu, pale mlangoni. Dirisha la Chevening hufunguliwa mwezi huu wa Agosti, kwa hiyo wenye miaka 2 kazini waanze kujiandikisha kwa katibu leo, na waje na nakala za vyeti vyote.

Mwenyekiti
Kigoma, Agosti 2025