Cooper Creek si mto mfu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyoitaja mito ya bara la ndani la Australia kuwa ni "mito mifu", inayomwaga maji yake jangwani bila faida kwa yeyote. Mwandishi alieleza vizuri adha ya ukame, na sina shaka na nia yake. Lakini neno hilo limenikaa moyoni, kwa sababu nimefanya kazi ya upimaji wa ardhi magharibi mwa jimbo la Queensland kwa miaka kadhaa, na Cooper Creek, mto ninaoufahamu kuliko mingine yote ya huko, hauwezi kuitwa mfu na mtu aliyeuona zaidi ya mara moja.

Kosa hili lina umri mrefu. Mwaka 1845 mpelelezi Charles Sturt alifika katika mto huo akaupa jina la Charles Cooper, jaji wa South Australia, jimbo jirani, na akauita kijito badala ya mto kwa sababu siku hizo hakuona mkondo wowote ukienda. Hivyo mto unaoundwa na mito mingine miwili, Thomson na Barcoo, inayokutana karibu na mji mdogo wa Windorah, na unaosafiri kilomita 1,300 hivi kuelekea ziwa la Kati Thanda, ambalo ramani zimeliita pia Lake Eyre, na ambalo sakafu yake iko mita 15 hivi chini ya usawa wa bahari, unabeba hadi leo jina la kijito kwa kuwa mgeni mmoja aliufikia wakati umetulia.

Kwa Kiswahili wengi wetu tungeuita mto wa msimu, na hapo pia tungekosea. Mto wa msimu una miezi yake, na mtu anaweza kuungoja kwa kuhesabu mwezi baada ya mwezi. Cooper haufuati miezi. Mvua zinazouamsha hunyesha mbali sana, kwenye vyanzo vya Thomson na Barcoo, na huweza kuja kwa wingi mwaka mmoja, kisha zikawa haba kwa miaka mingi mfululizo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1974, na yale ya 1989 na 1990, ilibidi kungoja takriban miaka 20, hadi 2010, ndipo maji ya mto huo yakafika tena Kati Thanda.

Mara ya kwanza nilipoingia katika mbuga zake, yaani nyanda tambarare zinazofurika maji ya mto, hapakuwa na tone la maji. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa umepasuka vipande vipande kama vigae, na katika ufa mmoja niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko nisiguse mwisho. Mkuu wa kikosi chetu akanionyesha mti wa coolibah uliokuwa karibu nasi: juu ya tawi, juu kuliko kichwa changu, palining'inia fungu la nyasi kavu na vijiti vilivyosukwa pamoja na maji ya zamani. Nilirudi huko baada ya miaka miwili, safari hii mafuriko yakiwa njiani. Hayakuja kwa kishindo. Ulikuja ukingo wa povu la rangi ya chai, wenye majani na mbegu, ukitambaa polepole kuliko mtu anavyotembea, ukisimama kwenye kila ufa na kuujaza kabla ya kuendelea. Mbele yake walitoka buibui, nyenje na tandu wakikimbilia sehemu za juu, na angani mwewe walikuwa tayari wanawangoja.

Ndiyo maana nasema maji hayo hayapotei. Mwinamo wa nchi ile ni mdogo mno, kwa hiyo mto hugawanyika katika mikono mingi isiyohesabika na kutandaa makumi ya kilomita kwa upana, na sehemu kubwa ya maji hunywewa na ardhi au huwa mvuke kabla ya kufika popote. Kwa mhandisi aliyekaa ofisini huo ni upotevu. Kwa mfugaji wa Windorah ndiyo malisho ya ng'ombe wake kwa miezi mingi ijayo, bila kisima wala mbolea. Kwa samaki ni njia ya kutoka katika vilindi walimojihifadhi wakati wa ukame, wakaenda kula na kuzaliana mbugani. Miongoni mwao yumo kambare ambaye hapatikani popote duniani ila katika bonde la Cooper. Kilindi cha Cullyamurra, karibu na mji mdogo wa Innamincka huko South Australia, hakijulikani kuwahi kukauka, na bila vilindi vya namna hiyo pasingekuwa na mbegu ya samaki wa kuijaza tena nchi.

Chini ya Innamincka mkono mmoja wa mto hukata kwenda kaskazini-magharibi na kulisha maziwa ya Coongie, ardhioevu iliyo katikati ya matuta ya mchanga mwekundu, iliyoandikishwa mwaka 1987 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Ziwa moja likijaa humwagikia la pili, na la pili hulimwagikia la tatu, kwa hiyo wingi wa mafuriko huweza kupimwa kwa kuangalia ni ziwa lipi la mwisho lililopata maji. Ndege wa majini huja kwa maelfu. Kwenye maziwa ya chumvi ya mbali zaidi, mayai ya viumbe wadogo jamii ya uduvi hukaa ndani ya tope kavu kwa miaka, na maji yakiingia huanguliwa. Ndege wa miguu mirefu wanaowala husafiri mamia ya kilomita kutoka pwani kwenda kuzaa huko, nasi bado hatujui kwa uhakika wanapataje habari.

Sisemi kwamba mafuriko ni sherehe. Machi 2025 maji yalipanda magharibi mwa Queensland hadi kuzidi kimo cha 1974 katika baadhi ya sehemu, na mifugo zaidi ya 100,000 ikafa au ikapotea. Mto huo pia humuua asiyeujua: mwaka 1861 wapelelezi Burke na Wills walikufa kwa njaa kandokando yake, ilhali mwenzao John King aliokolewa na watu wa Yandruwandha, ambao walikuwa wakiishi palepale na kula vya palepale.

Kinachonitia hofu ni hatua inayofuata baada ya mtu kuamini kwamba mto ni mfu. Mwaka 1995 lilitolewa pendekezo la kuchota maji ya Cooper karibu na Windorah kwa ajili ya kilimo cha pamba. Wafugaji na wanasayansi, watu ambao hawakubaliani kila siku, walisimama pamoja wakalipinga, na halikupita. Mwaka 2000 serikali ya shirikisho, Queensland na South Australia zilitia saini makubaliano ya kulilinda bonde la Kati Thanda, na mwaka 2023 Queensland ilitangaza kuzuia uchimbaji mpya wa mafuta na gesi katika mbuga za mafuriko. Kule mto Darling, mto mwingine wa Australia, ambako uchotaji wa maji kwa mashamba uliruhusiwa kwa wingi, samaki walikufa kwa makundi makubwa huko Menindee kati ya 2018 na 2019. Taasisi ya Sayansi ya Australia ilichunguza ikasema kwamba mfumo ule haukuwa na maji ya kutosha, na ilitaja ukame pamoja na maji kuchukuliwa kupita kiasi huko juu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Gazeti lako litakapoandika tena kuhusu mto wa aina hii, naomba liuite mto wa vipindi, yaani mto unaokuja na kutulia bila kufuata miezi, na mwandishi aeleze maji yake huenda wapi kabla ya kusema yamepotea. Iwapo kuna picha, isiwe ya mtaro mkavu peke yake. Ninayo ya tawi lile lenye nyasi, na nitaituma kwa furaha.

Wako,
Msomaji wako wa siku nyingi,
Queensland, Australia