Mwanangu, andika hata habari ya nge

Mwanangu,

Salamu nyingi. Bibi hajambo, ila miguu inamsumbua.

Uliniuliza kwenye simu kuna haja gani ya kuandika maneno ya bibi wakati sisi si ukoo wa machifu. Nikawakumbuka makarani wa Misri ya kale.

Karibu na Bonde la Wafalme palikuwa na kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya mafarao; leo panaitwa Deir el-Medina. Mambo yao ya kila siku makarani waliyaandika kwenye vigae na vipande vya mawe. Kimoja, cha mwaka wa 40 wa utawala wa Ramses wa Pili, kipo Makumbusho ya Uingereza, London. Ni rejista ya mahudhurio tu! Majina na tarehe kwa wino mweusi, na juu yake, kwa wino mwekundu, sababu ya mtu kutofika kazini. Huyu kaumwa na nge. Yule anapika pombe. Mwingine yuko na maiti ya mama yake, anaivisha sanda. Imepita miaka zaidi ya 3,200.

Kijijini hapohapo, enzi za Ramses wa Tano, mama mmoja aitwaye Naunakhte alisimama mbele ya baraza akasema amelea watoto wanane, sasa kazeeka, na wapo wasiomtunza. Aliyemshika mkono atarithi mali yake, asiyemshika, hapati. Yakaandikwa, na majina ya watoto yakatajwa. Nikimsoma namsikia kabisa, kama jirani anayelalamika uani. Mumewe wa kwanza, Qenhirkhopeshef, alikuwa karani mwenye mwandiko mbaya unaowatoa jasho wataalamu hadi leo, kwa hiyo usinitolee kisingizio cha mwandiko.

Ukija Desemba, njoo na kaunta buku. Muulize bibi mahari yake ilikuwa nini na nani aliila, nani kazikwa wapi, ile njaa walikula nini. Andika tarehe na jina la aliyekusimulia. Wakibishana na mjomba wako juu ya mpaka wa shamba, andika maneno ya wote wawili, usiwapatanishe. Kurekodi kwenye simu pekee sikubali. Ile ya kwanza iliibwa na picha zote.

Mkute asubuhi baada ya chai, ndipo anapoongea. Mchana husinzia.

Mama yako