Kabla ya kununua kayaki mpya ya pedali, tuupime uzito wake nchi kavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Houston ambaye, katika toleo lililopita, aliwashauri Waswahili wanaovua kwenye ghuba za Texas waziuze kayaki zao za pedali (vyombo vidogo vya plastiki vinavyoendeshwa kwa miguu) zilizozidi umri wa miaka mitano na kununua za kisasa. Ameandika kwa nia njema, na mengi aliyoyasema kuhusu sifa za vyombo vipya ni kweli. Hata hivyo, mimi nimekaa na swali hilohilo kwa miezi minane, nimekwenda kuzijaribu kayaki mpya majini mara tatu, nimefikia uamuzi ulio tofauti na wake, na naona liko jambo moja kubwa aliloliacha, nalo ni kwamba chombo hiki hubebwa kabla hakijaelea.

Kayaki yangu ni Hobie Outback ya mwaka 2014, yenye urefu wa karibu mita 3.7 na upana wa sentimita 84. Inaendeshwa kwa mtambo uitwao MirageDrive, ambao kampuni ya Hobie ya California iliuingiza sokoni mwaka 1997. Kwa wasomaji ambao hawajapata kuuona, mtambo huo hauzungushwi kama baiskeli. Mvuvi huketi amenyoosha miguu, husukuma pedali mguu mmoja baada ya mwingine, na chini ya chombo mapezi mawili hupepea kushoto na kulia kama mabawa ya pengwini aogeleapo. Mikono yote miwili hubaki huru kwa mshipi. Mtu aliyezaliwa Pangani, pwani ya Tanzania, na kulelewa kwa kafi na pondo hahitaji kuelezwa thamani ya mikono iliyo huru wakati samaki amekwisha kunasa na mkondo wa maji unakuvuta upande usioutaka.

Kasoro ya mtambo wangu ni kwamba haujui kurudi nyuma. Ilipofika modeli ya mwaka 2016 kampuni ilileta mtambo wa 180, ambao mapezi yake hugeuzwa kwa kuvuta kamba, na chombo kikaenda kinyumenyume kwa miguu ileile. Baadaye, kwa modeli ya 2019, yakaja mapezi yanayolala yenyewe yakigonga kitu na kusimama tena yakishapita. Mwaka uliofuata ukaja mtambo wa 360, unaoweza kukisukuma chombo hata ubavuni, au kukizungusha palepale kilipo. Kampuni nyingine, kama Old Town na Native Watercraft, zimefuata njia ya rafadha (propela) inayozungushwa kwa pedali za duara, ambapo kurudi nyuma ni kukanyaga kinyume tu, bila kuvuta kamba yoyote.

Je, mageuzi hayo yana faida kwa mvuvi wa kawaida? Yana faida, wala sitaki kumvunja moyo mtu kwa kusema vinginevyo. Mwaka juzi nilikuwa kwenye nguzo za gati kuukuu, upande wa ghuba wa kisiwa cha Galveston, nikimtafuta yule samaki wa milia myeusi mwenye meno kama ya binadamu, ambaye hula viumbe wa magamba walioganda kwenye nguzo. Alipokamata ndoana alifanya kama wafanyavyo wote, akakimbilia ndani, katikati ya nguzo. Mimi nikawa nimeshika fimbo kwa mkono wa kushoto, kafi kwa mkono wa kulia, najaribu kujirudisha nyuma huku omo, yaani mbele ya kayaki, ikigonga zege lenye magamba makali kama wembe. Mshipi ulikatika, na si mara ya kwanza. Mwenye kuvua namna hiyo kila wiki, aking'ang'ana na nguzo za madaraja na magati, anauhitaji mtambo wa kurudi nyuma kuliko anavyohitaji kifaa kingine chochote, nami namwambia asisite.

Tukio la pili lilinitia hofu zaidi. Ilikuwa Christmas Bay, ghuba ndogo iliyo kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, ambayo maji yake ni mafupi na chini yake kuna nyasi za baharini na miamba ya chaza. Maji yalikuwa yakipwa nami sikuyaangalia, kosa ambalo baba yangu asingenisamehe. Pezi la kushoto likagonga mwamba wa chaza nikiwa katika mwendo, na chuma chake kikapinda. Kwa kuwa nilikuwa na kafi, nilirudi pwani kwa mwendo wa saa mbili dhidi ya upepo. Makosa yalikuwa yangu, lakini ni kweli pia kwamba mapezi yanayolala yangeupita mwamba ule bila madhara makubwa. Mtambo wa rafadha ungenisaidia kidogo sana mahali pale, kwani huning'inia chini zaidi na huzoa nyasi, ilhali mapezi unaweza kuyalaza bapa dhidi ya tumbo la chombo kwa kusukuma pedali moja mbele hadi mwisho, ukateleza juu ya maji ya kina kifupi kama mtu wa mtumbwi.

Mpaka hapo nakubaliana na msomaji mwenzangu. Tunaachana pale anaposema kwamba kwa hiyo tununue chombo kizima kipya.

Outback ya sasa, ikiwa na kiti chake na mtambo wake, ina takriban kilo 47. Ile aliyoisifu zaidi, Pro Angler 14 yenye mtambo wa 360, ina urefu unaozidi mita 4 na upana wa karibu sentimita 97, na inapita kilo 60 kabla hujaweka kisanduku cha barafu, betri, kifaa cha kuonyesha samaki, nanga na maji ya kunywa. Mimi nina miaka 58. Gari langu ni la familia, lenye keria juu ya paa, na siku nyingi huondoka nyumbani saa kumi alfajiri peke yangu kwa sababu rafiki zangu wana zamu zao za kazi. Kayaki ninayoimiliki sasa naipandisha kwa kuegemeza omo kwanza juu ya keria, kisha nasukuma tezi, yaani upande wa nyuma, polepole, na siku za baridi mgongo hunikumbusha jambo hilo hadi jioni. Chombo cha kilo 60 hakiwezi kupandishwa hivyo na mtu wa umri wangu. Kinadai tela, au pikapu, na tela inadai mahali pa kuiegesha, na wengi wetu tunaoishi katika nyumba za kupanga hatuna mahali hapo. Basi bei ya kayaki, ambayo kwa modeli hizo za juu hufika dola 5,000 na kuzidi, ni mwanzo tu wa gharama.

Nimewaona watu watatu katika jumuiya yetu walionunua kayaki kubwa za namna hiyo. Wawili kati yao walikuwa wakivua kila Jumamosi walipokuwa na vyombo vidogo, na sasa vyombo vyao vipya vimelala uani chini ya turubai, kwa sababu kila safari inahitaji mtu wa pili wa kusaidia kubeba, na mtu wa pili hapatikani. Hili ndilo linalonifanya niandike. Naumia kuona mwenzangu ameweka akiba ya mwaka mzima kwa kazi za usiku, akanunua alichokitamani, kisha akaacha kwenda baharini.

Kwa upande mwingine, sitaficha kishawishi kilichokuwa kikubwa kwangu kuliko vingine, nacho ni kusimama. Katika maji mafupi ya Christmas Bay huwatafuta wale samaki wekundu wenye doa jeusi mkiani, na mvuvi aliyesimama huwaona mbali mno kuliko aliyeketi. Nilipoijaribu ile kayaki pana nilisimama juu yake nikarusha chambo bila wasiwasi wowote, na kwa dakika chache nikajiona nimesimama tena kwenye mtumbwi, pondo mkononi, mdomoni mwa mto Pangani. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimeamua kuinunua. Usiku nikakumbuka kwamba wazee wetu hawakupata uthabiti wa ngalawa kwa kupanua gogo. Waliacha gogo lilivyo, jembamba na jepesi, wakalifungia mirengu, yaani vielea, pembeni. Mirengu ya kujazwa upepo kwa ajili ya kayaki inauzwa, huvuliwa na kukunjwa, na haiongezi uzito wa kutisha. Nimeazima ya rafiki na nimeitumia mara mbili. Haifikii utulivu wa chombo kipana, lakini nasimama.

Hatua iliyonipa jibu ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Rafiki huyohuyo aliniazima mtambo wake wa 180 wenye mapezi yanayolala, nikauingiza katika tundu la kayaki yangu ya mwaka 2014, ukakaa. Nikaenda mbele, nikavuta kamba, nikarudi nyuma. Bei ya mtambo peke yake haifiki theluthi ya bei ya zile kayaki kubwa, na bodi yangu inabaki na uzito ninaoumudu. Mtambo wa 360 ndio usioingia katika bodi za zamani, kwani umetengenezewa bodi zake, na mwenye kuutaka huo hana njia ila kununua chombo kizima.

Lakini kabla ya kutoa hata dola moja kwa ajili ya mtambo, ni lazima bodi yenyewe ikaguliwe, kwa sababu plastiki ya polithini huchoshwa na jua. Mimi niliigeuza kifudifudi nikapitisha kidole kuzunguka tundu la mtambo na matundu ya kutolea maji, ambako nguvu za miguu na za toroli huishia, nikitafuta nyufa nyembamba kama unywele. Kisha nikaigeuza tena, nikamimina maji ndani, nikaiinua upande mmoja na kungoja nione kama panalowa chini. Palikuwa pakavu. Ingekuwa imepasuka hapo, barua hii ingekuwa na maneno mengine.

Msomaji mwenzangu alipendekeza pia kwamba kayaki kuukuu tuzipeleke nyumbani kwa ndugu zetu wavuvi. Nampongeza kwa kuwakumbuka, ila namwomba afikirie minyororo, nyaya na mapezi ya mitambo hiyo, ambayo baada ya chumvi na mchanga hutaka kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila safari na kubadilishwa vipuri ambavyo Pangani havipo dukani. Tukipeleka, basi twende na vipuri vya miaka miwili na kafi imara.

Tena, kwa wale wanaofikiria kufunga mota ndogo ya umeme badala ya kuchosha miguu, wajue kwamba kayaki ya pedali haihitaji kusajiliwa Texas, lakini ikishafungwa mota inahitaji, na ni vyema kulishughulikia hilo mapema kuliko kusimamishwa majini.

Mtambo nimeshauagiza, na jaketi okozi langu la zamani nimelibadilisha kwa pesa zilizobaki. Ningefurahi kama msomaji mwenzangu angetujibu kupitia safu hii na kutueleza jambo moja ambalo kwa kweli ningependa kujifunza kutoka kwake, yaani ni kwa namna gani yeye, akiwa peke yake saa kumi alfajiri, huitoa Pro Angler yake garini na kuifikisha majini, na baadaye, akiwa amechoka na jua limempiga, huirudisha.

Wako katika uvuvi,
Mvuvi wa Pangani,
Pearland, Texas, Marekani